Gunia la Karibu na Dirisha

Niwataje kwanza waliokuwepo, kabla kichwa hakijanichezea. Alikuwepo Mutheu, mdogo wake mama, mpishi wa shule yetu kule juu Mbooni. Alikuwepo Mwalimu Kyalo, ambaye hakuwa ndugu yetu, lakini alikula kwetu kila Jumapili mpaka tukamwona kama mjomba. Alikuwepo Kalunde, anayenifuata kuzaliwa, na mimi Nduku, wa darasa la tatu, darasa ambalo sikulimaliza. Wengine walikuwa watoto wenzetu, na majina yao yote ninayo, lakini nikianza kuyamwaga hapa tutalala njaa.

Juzi kitukuu changu Ndanu alirudi kutoka shule, nikamvua sweta, na ile harufu ikanipiga. Harufu ya dawa ya wadudu, tamu kidogo halafu chungu, ile inayokaa kooni.

"Wamenyunyiza stoo ya chakula, Susu," akaniambia, maana kwetu bibi huitwa Susu. "Kuna fukusi."

Nikaketi. Siku hizi nikiketi, kuinuka ni kazi. Siku hiyo hata hamu ya kuinuka sikuwa nayo.

Zamani shule yetu ilikuwa na wadudu wa kila aina, na dawa yao ilikuwa mikono yetu. Kila Ijumaa sisi wasichana tulikandika sakafu kwa mavi ya ng'ombe na jivu, ili funza na viroboto wakose vumbi la kulalia. Maharagwe tuliyoleta kutoka nyumbani yalianikwa juani, yakachanganywa na jivu la kuni lililochekechwa, yakafungwa kwenye magunia. Siku ya kupika, Mutheu aliyapepeta kwenye ungo, jivu likaruka, akaosha mara moja, akatia sufuriani. Mama alizoea kusema, "Jivu humtisha mdudu, halimtishi mtoto." Kwetu hakuna aliyeona vumbi la kijivu kwenye maharagwe akaogopa. Ukiliona, ulijua hapo pana mama mwenye akili.

Halafu Mwalimu Kyalo akaenda kwa jamaa zake wa huko chini kwenye joto, waliokuwa wakilima pamba, akarudi na kopo la unga. Unga wenyewe ulikuwa wa kijivu. Akauchanganya kwenye gunia moja la maharagwe, yale ya mbegu ya shamba la shule.

"Mtapumzika sasa," akatuambia. "Kopo moja tu, na hakuna tena kuchekecha jivu."

Tulimpigia makofi. Ndiyo, tulipiga makofi.

Ijumaa hiyo jioni akaniita. "Nduku, mwambie mama yako mdogo kwamba gunia la karibu na dirisha ni la mbegu. Lisiguswe."

"Ndiyo, Mwalimu."

Basi, ni hayo tu. Hakusema kwamba ni sumu, na sijui kama yeye mwenyewe alijua ni kali kiasi gani. Mimi nilikuwa nimebeba mavi ya ng'ombe tangu adhuhuri, mabega yanawaka, na jiko lilikuwa ng'ambo ya uwanja. Nikajiambia, nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu nilikumbuka sahani zikiwa tayari mikononi mwetu. Mutheu alikuwa amelifungua gunia la karibu na dirisha kwa sababu lilikuwa karibu, na mgongo ulikuwa unamsumbua. Alikuwa amepepeta vumbi lake, akaosha mara moja kama kawaida. Nilichoogopa mimi ni kiboko cha Mwalimu, maana sikufikisha maneno. Chakula kikanishinda.

"Huli? Unangoja nyama?" Kalunde akanicheka, akavuta sahani yangu.

Akala yake, akala na yangu.

Kabla ya kengele ya saa nane watoto walikuwa wakitapika nyuma ya darasa. Wengi walitapika wakapona. Kalunde alianguka, mwili ukitetemeka, mate yakimtoka. Mwalimu Kyalo alimbeba mgongoni ule mteremko wote mpaka zahanati, akilia njia nzima, na mimi nyuma yake mikono mitupu. Kalunde alipona, lakini mkono wake wa kulia haukutulia tena. Kalamu ilimruka. Hakurudi darasani, wala mimi. Mpaka leo, huko Makindu alikoolewa, wajukuu wake humtilia chai nusu kikombe.

Mutheu alifukuzwa kazi. "Mtu mzima hajui jivu na sumu?" wazee walimuuliza. Mwalimu Kyalo akasema alikuwa ametuma mtu amwambie. Hakusema alimtuma nani. Alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu, ile sakafu niliyoikandika mimi. Mutheu amekufa bila kusikia neno kutoka kinywani mwangu.

Miaka mingi nilijilaumu mimi, kisha nikamlaumu Mwalimu. Sasa nimezeeka, na ninaona tulikuwa watu watatu waliochoka. Mwalimu alichoka na fukusi, Mutheu alichoka mgongo, mimi nilichoka mabega. Sumu ilipita hapo katikati yetu.

Kwa hiyo niliinuka, nikajikokota hadi shuleni kwa kina Ndanu. Mwalimu mkuu, binti mpole, akaniletea kiti, nikamwomba waache kunyunyiza dawa kwenye chakula.

"Lakini Susu, fukusi watatumalizia mahindi."

"Anikeni. Zibeni mashimo. Inueni magunia yasilale sakafuni, na mfagie stoo kila wiki. Ikibidi dawa, chakula kitolewe kwanza na watoto wawe nyumbani. Na mwenye dawa aende jikoni kwa miguu yake mwenyewe. Asitume mtoto."

Aliandika yote. Jumamosi wazazi walikuja kuanika, na mimi nikachekecha jivu mpaka macho yakaniuma.

Majina sijakosea. Lakini kama yupo aliyekuwa uwanjani Ijumaa ile, na anakumbuka aliniona nikivuka kwenda jikoni, na kwamba nilimwambia Mutheu lile neno, tafadhali anisahihishe. Ningefurahi sana kuambiwa nimekosea.