Aliyepiga Kelele Kwamba Amiri Amekufa

Sinywi pombe, na siku hiyo sikuwa na homa. Ukitaka kucheka, cheka, lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Doha.

Miaka ile Lusail, pembeni mwa Doha, ilikuwa bado vumbi na kreni. Tulikuwa walinzi kumi na wanane pamoja na kiongozi wetu, Wakenya watupu, tukisimama getini kwenye jua bila hata kibanda. Wawili walikuwa wameshazimia. Kiongozi wetu, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Kamanda, akatupanga: Alhamisi saa kumi, baada ya paredi, tuingie ofisini sote tudai vibanda. Wachache wakirudi nyuma, watakaobaki watafukuzwa.

Alhamisi hiyo, saa nane, nesi Mkenya akanipigia. Kamanda alikuwa amelazwa tangu asubuhi, moyo ukimsumbua. "Pole sana, kaka. Tumejaribu."

Nilikuwa peke yangu kituo cha basi, mtaa wa Abu Hamour. Nikaandika kwenye grupu letu la wasapu, "Kamanda ametuacha." Ilibaki kutuma tu.

"Usiwaambie wakiwa wametawanyika."

Mwanamume alikuwa amekaa kando yangu, amevaa ngozi na vyuma vya vita vya kale, damu mbichi kifuani. Jua linawaka, naye hana kivuli. Na utaniamini nikikuambia aliongea Kikamba, kile cha nyanya yangu?

Jeshi lao, alisema, lilikuwa linashinda. Akamwona amiri wao akianguka kutoka kwenye farasi, akapiga kelele, "Amekufa!" Basi. Kila mtu akalisikia neno hilo kivyake, ngao zikatupwa. Waliokufa wakipigana walikuwa wachache. Waliochinjwa wakikimbia hawakuhesabika.

"Ni mimi niliyewaua," akasema, akilia. Nilimhurumia, haki ya Mungu, hata woga ukanitoka. Nikainama kufuta ujumbe. Nilipoinua macho, hayupo.

Saa kumi niliwapanga mstari, bega kwa bega, ndipo nikawaambia. Wambua akalia kwa sauti.

"Bila yeye tutado nini?" mwingine akauliza. "Wacha turudi kambi."

"Hesabu!" nikaamrisha.

Moja, mbili, hadi kumi na saba. Tulipaswa kuishia hapo. Nyuma yetu sauti ikaitika, "Kumi na nane." Hakuna aliyethubutu kugeuka. Tukaingia sote.

Vibanda tulipata. Ila mpaka leo simu ikilia mchana mkono unaniganda. Wenzangu wanasema ile sauti ilikuwa ya Kamanda, na inawafariji, kwa hiyo siwaambii kuhusu yule wa kituoni.

Wewe ukipokea habari ya kifo cha mtu ambaye wengine wanamtegemea, rudisha simu mfukoni. Wakusanye kwanza. Yule aliyekimbilia kutangaza bado anazunguka vituoni, na hajajisamehe.