Alinipenda Mpaka Mkono Ukakakamaa

Mama zangu na dada zangu, naitwa Julienne. Nakaa hapa Likasi, nafundisha darasa la kwanza, na mume wangu Dieudonné anafanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Kabla ya ugonjwa nilichota maji, nilitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, nilifua, halafu nikaenda kuandika ubaoni. Sikuwahi kuuwaza mkono wangu. Nani anawaza mkono wake?

Siku moja nikioga niligusa uvimbe kwenye titi la kulia, mgumu kama punje ya hindi kavu. Haukuuma, kwa hiyo nilinyamaza. Ulipokua na ngozi ikaanza kujikunja, nilimwonyesha Dieudonné. Kesho yake hakwenda kazini, alinipeleka kwa daktari. Walichukua kipande wakakipima: kansa. Tulikwenda Lubumbashi, wakakata titi lote pamoja na tezi za kwapani.

Nilirudi nyumbani na mshono kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani. Ndani ya mkono kulikuwa na ganzi, lakini nikiusogeza, ngozi ilinivuta kama nguo iliyoshonwa fupi. Daktari alituambia niutembeze mkono polepole, kisha nifanye mazoezi. Kwa woga wetu tulishika neno moja tu, polepole.

"Juju, usiguse! Kidonda itapasuka," Dieudonné aliniambia kila nilipojaribu. Alinivisha, alinichana nywele, alinimegea bukari, ugali wetu. Sombe alitwanga yeye mwenyewe uani, wapita njia wakimcheka, naye akiwasalimia. Nilipendwa, mama zangu. Nami niliubeba mkono wangu tumboni kama mtoto mchanga.

Kidonda kilipofunga nilitaka kuchukua chumvi kwenye rafu. Mkono ulifika usawa wa kifua, ukagoma. Bega lilikuwa limekakamaa. Nilisimama pale jikoni nikalia, kwa sababu mwalimu asiyefika ubaoni atafundisha nini?

Tulikwenda hospitali ya hapa kwetu, kwa kiné, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Anaitwa mama Alphonsine, mnene, mwenye kicheko cha karibu. Aliutazama mshono, akalipapasa bega, kisha akamgeukia mume wangu.

"Papa, ni weye unamufanyia kazi yote?"

"Ndiyo, mama. Miye njo bwana yake."

"Muzuri. Lakini mapendo yako imefunga mukono. Kidonda imepona, papa. Sasa mumuache atembeze mukono."

Alinilaza chali, akanipa fimbo niishike kwa mikono yote miwili, mkono mzima uusaidie ule mwingine kupanda. Baadaye alinisimamisha mbele ya ukuta nipandishe vidole kidogo kidogo. "Ikivuta, ngojea, pumua," alisema. "Ikiuma sana, acha. Usilazimishe."

Nyumbani Dieudonné alisimama ukutani kando yangu kila asubuhi, akipandisha vidole vyake pia. Bega lake lililochoshwa na kiwanda lilikuwa likilia kwa sauti. "Juju, kumbe miye njo mugonjwa!" Tulicheka mpaka nikashika mshono.

Mkono ukaanza kupanda, na mimi nikaanza kujivuna. Kwenye kilio cha jirani niliona wanawake wanatwanga, nikachukua mchi nikatwanga nao. Jioni vidole vilikuwa vimevimba, pete inanibana, mkono mzito kama gunia lililolowa. Nilisema moyoni, kansa imerudi. Dieudonné alinipaka sabuni kuitoa ile pete.

Daktari na mama Alphonsine walinipima. "Haiko kansere," mama alisema, akinishika shavu. "Ni maji. Tezi zilitoka, maji haina tena njia muzuri. Utembeze mukono kila siku, lakini vitu vya buzito uachie bengine."

Alinifunga bendeji, akaniagiza niuegemeze mkono kwenye mito ninapopumzika. Uvimbe ulipungua taratibu. Nilirudi ukutani kwa adabu, na ikafika asubuhi niliyoandika a, e, i, o, u juu kabisa ya ubao. Darasa zima likapiga kelele: "Madame amefika!" Niligeuka kufuta macho, nikasingizia vumbi la chaki.

Mama zangu, mkikatwa titi, muulizeni daktari siku ya kuanza mazoezi, msianze wala msichelewe kwa kichwa chenu. Mkono ulindeni na majeraha na moto. Ukivimba, ukawa mwekundu au wa moto, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na uvimbe kwenye titi usiouma, msiufiche kama nilivyofanya mimi.

Juzi alinitembelea mama mmoja kutoka Kambove, aliyekatwa kama mimi. Mume wake alimbebea mkoba, akamshikia hata kikombe cha chai mdomoni. Mkono wa yule mama ulilala tumboni, haujongei. Kabla sijasema kitu Dieudonné aliinuka. "Papa, kuya tuonane inje kidogo."

Walikaa huko muda. Tulipochungulia dirishani tuliwaona wanaume wawili wazima wamesimama mbele ya ukuta wetu, wanapandisha vidole. Mgeni wangu alicheka, kisha akanyoosha mkono kwa uangalifu, akachukua kikombe chake mwenyewe. Namshukuru Mungu kwa chai ile.