Uji wa Mama Mkwe Niliomwaga Mchangani

Mhariri, jina langu usiliandike. Nimemkosea mtu, na niliyemkosea yuko chini ya udongo wa Bahi, hawezi tena kuniambia amenisamehe. Miaka yote nimekaa nalo. Leo nalitapika.

Mimi ndiye niliyemfukuza mama mkwe wangu nyumbani kwa mwanawe. Na sababu ilikuwa uji. Ndiyo, uji! Cheka kama unaweza.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali pale Dodoma mjini. Tulipanga nyumba Mkonze. Mume wangu alikuwa anafundisha Hombolo, anarudi Ijumaa jioni, Jumapili huyo anaondoka. Mtoto tulikuwa hatujapata. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, maduka yamejaa vitu tulivyokuwa tunavipangia foleni, lakini huku maofisini watu wanapunguzwa. Kila wiki unasikia fulani kapewa barua. Ukichelewa dakika tano, bosi anakutazama mpaka unasahau jina lako.

Mwaka ule mvua ilipokataa, mume wangu akamleta mama yake kutoka Bahi akae nasi. Mama wa Kigogo hasa, mpole, Kiswahili chake cha kuokoteza. Mimi mtu wa Kilosa, Kigogo changu kiliishia kwenye salamu. Namwambia shikamoo mama, ananijibu marahaba mkamwana, basi, kila mtu na kazi yake.

Sasa kumlisha asubuhi, na mimi saa kumi na mbili kasoro niko njiani kwa miguu! Nikapata mbinu. Jioni nalowesha unga wa uwele kwenye bakuli. Saa kumi na moja alfajiri nawasha jiko la mafuta ya taa, maji yakichemka namimina ule unga uliolowa huku nakoroga, huoni donge hata moja. Natia karanga za kutwanga, sukari, ndimu kidogo. Robo saa, uji umeiva. Nasuuza chupa ya chai kwa maji ya moto, namimina uji, nasokomeza kizibo, halafu nakaza kifuniko cha juu kwa nguvu zangu zote ili joto lisitoke. Ile chupa ya Kichina yenye maua mekundu niliinunua mwenyewe, na nilikuwa naionea fahari kweli.

"Mama, uji huu hapa."

"Ahsante, mkamwana."

Huyo, mbio!

Saa kumi jioni narudi, chupa imejaa kama nilivyoiacha. Siku ya kwanza nikasema labda hana hamu. Ya pili hivyo hivyo, ya tatu hivyo hivyo. Halafu nikifunua sufuria, kile kiporo cha ugali cha jana hakipo! Jamani, mtu anaacha uji wa moto wenye karanga, anakwenda kutafuna ugali wa baridi uliokauka?

Kilichonichoma zaidi ni Jumamosi. Mwanawe yupo, nammiminia mama uji kwenye bakuli kwa mkono wangu, yeye analikumbatia kwa viganja viwili na kunywa mpaka mwisho. "Uji mtamu," anasema, anacheka na mapengo yake. Mimi moyoni nawaka. Kumbe mbele ya mwanawe anakunywa!

Nikamweleza jirani yangu. Akabenua midomo. "Shoga, huyo anakuogopa. Anadhani unamtilia kitu."

Nami, mwanamke niliyekwenda shule, nikalimeza neno lile zima zima. Sikumuuliza mama. Kosa langu ndilo hilo, Mhariri, hapo hapo. Badala ya kuuliza nilinuna. Mwezi mzima nilikuwa nanunia chupa ya chai!

Ikafika siku yenyewe. Ofisini, mwenzangu wa meza ya jirani alikuwa amepewa barua yake, tumelia naye mpaka macho yamevimba. Nimerudi nyumbani miguu inauma, kichwa kinagonga. Nikainyanyua chupa. Imejaa. Nikaifungua mbele ya mama na kuumwaga uji wote mchangani, kuku wa jirani wakaja mbio.

"Kama chakula changu kina sumu, si urudi kwenu Bahi ukapike chako!"

Alikuwa amekaa kwenye mkeka. Aliutazama ule uji, akanitazama na mimi.

"Mwanangu," akasema, "chakula hakimwagwi."

Akajikongoja akaingia ndani.

Ijumaa mwanawe alipofika, mama akamwambia, "Nirudishe nyumbani. Nimewakumbuka mbuzi wangu." Mbuzi gani? Walikuwa wamebaki watatu, mifupa mitupu! Mume wangu akambembeleza sana, mwisho akanigeukia mimi. "Mke wangu, mwambie basi. Wewe atakusikia."

Nikasema, "Mwache mama, mji umemchosha." Na nilifurahi. Mungu anajua nilifurahi.

Hakumaliza miezi mitatu. Sitatia chumvi, hakufa kwa njaa. Alishikwa na homa, na kwao zahanati ni safari. Angekuwa kwetu Mkonze, hospitali ilikuwa karibu. Hilo halina ubishi, na nimejaribu sana kulibishia.

Msibani tuliamka na wifi yangu, binti yake aliyemuuguza, kuwapikia waombolezaji uji. Anakoroga, machozi yanamtoka. Akaniambia, "Wifi, mama alikusifu mpaka mwisho. Alisema, mkamwana wangu anaamka alfajiri kunipikia mimi, wakati mimi mkwe wangu sikumfanyia hivyo. Shida ilikuwa ile chupa yenu."

"Chupa imefanya nini?"

"Si unajua vidole vyake vilivyokuwa vimekakamaa? Tangu mwaka juzi hata fundo la kanga hafungui. Alisema kifuniko kilimshinda kabisa, akawa anajaribu kwa meno."

Kwa meno, jamani! Kwa yale meno machache!

Nikauliza kwa nini hakuniambia. Wifi akafuta macho kwa kanga. "Na mimi nilimuuliza. Alisema, yule mtoto kila asubuhi anakimbia, kazini kwao wanafukuzana, nikimchelewesha akipewa barua nitamwambia nini? Nikamwambia, si ungemwomba jirani? Akasema, jirani atakwenda kutangaza kwamba mkamwana ananinyima."

Habari ya uji kumwagwa wifi hakuigusa. Hakuijua. Mama hakumwambia hata binti yake wa kumzaa.

Tangu hapo sina asubuhi. Saa kumi na moja macho yanafunguka yenyewe, namsikia anahangaika na kile kifuniko, anapumzika, anaanza tena. Chupa niliigawa zamani. Nyumba tulihama. Bado namsikia! Nafunika kichwa kwa shuka, namsikia.

Na mume wangu hajui. Wageni wakija anawaambia, "Huyu alimtunza mama yangu." Mimi nainama kama mtu mwenye aibu ya kusifiwa. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, mara tatu nimeomba maji ya kunywa. Akiusoma ukurasa huu atanijua. Na ajue. Nimechoka.

Dada zangu, nyie mnaoamka na giza mkawaachia wazee chakula mkakimbilia kazini, nisikilizeni. Kuivisha si kulisha. Mzee akirudisha chakula, usimpeleke kwa jirani akahukumiwe. Kaa naye chini umuulize. Mtazame mikono. Mmiminie mwenyewe, umwone anakunywa, ndipo ufunge mlango uende. Ni dakika mbili tu.

Mimi nilimnyima mama hizo dakika mbili kwa kuogopa barua. Na barua ilikuja, mwaka uliofuata, pamoja na kuwahi kwangu kote. Sasa sina ofisi ya kukimbilia. Nakoroga uji taratibu, naumimina bakulini, naketi nao mpaka unapoa, na hakuna mzee wa kumpa.