Filamu ya Watoto Walioachwa Msituni

Kazi niliyopewa kwenye kambi ya wakimbizi ya Lukole ilikuwa ya mdomo tu. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Ntobeye, na kwa kuwa Kihangaza chetu na Kirundi cha wakimbizi vinasikilizana bila shida, shirika moja lililohudumia watoto wakimbizi lilinichukua likizo nzima niwe mkalimani. Mdomo ninao, tena mwepesi. Wanafunzi wangu walinitania kwamba namaliza somo kabla hawajafungua madaftari.

Alikuja mama mmoja mgeni na kamera. Alitaka kutengeneza filamu fupi ya watoto kutokana na ngano ya kwao Ulaya: kaka na dada wanaachwa msituni na wazazi kwa sababu ya njaa, wanafika kwenye nyumba ya peremende ya bibi mla watu, wanamshinda, wanarudi nyumbani. Sikuulizwa maoni. Ningeulizwa, ningesema watoto hawa msitu wanaujua vya kutosha. Nyumba ya peremende tukaigeuza ikawa ya miwa na ndizi mbivu. Makombo ya mkate, ambayo kaka hudondosha kuweka alama ya njia, tukayageuza punje za mahindi, na hapo tukakwama, kwa sababu mtoto aliyeigiza kaka alidondosha punje tatu, akageuka, akaziokota. Jamani, posho ya mgawo nani huitupa chini? Tukatumia kokoto.

Aliyeigiza dada alikuwa na miaka tisa hivi. Alipotezana na mama yake siku walipokimbia, na kambini alilelewa na jirani. Kuigiza hakukumpendeza hata kidogo. Alichopenda ni kamera. Watoto wa namna yake walikuwa wamepigwa picha, na kabla ya picha walifundishwa: simama wima, tazama mbele, taja jina lako, la baba, la mama, na kilima cha kwenu, maana kwao mtu hutambulika kwa kilima. Picha zilibandikwa kambi hadi kambi ili wazazi wazione. Kamera ya kazi nyingine hakuwahi kuiona. Kwa hiyo alipopewa ishara alie, "Baba, usituache," alisimama wima, akatazama mbele, akataja majina yote na kilima.

Tukarudia. Akataja tena. Mara ya tano yule mama mgeni akavua miwani, akaniambia nimweleweshe mtoto. Nikamwinamia.

"Sema ya hadithi kwanza," nikamwambia. "Ya kwako utasema mwishoni, nayo itafika kambi zote."

"Mama ataisikia?"

"Ataisikia," nikajibu upesi, kama kawaida yangu.

Akaigiza vizuri ajabu. Mwishoni nikaomba kamera iachwe ikiwaka, na yule mama akakubali. Mtoto akasema ya kwake taratibu, neno moja moja, halafu akakaa chini kama mtu aliyetua mzigo.

Baada ya miezi kadhaa, nikiwa nimeitwa tena likizo nyingine, filamu ikarudi kutoka ilikotengenezwa. Mwishoni uso wake ulikuwepo, mkubwa, unapendeza, midomo inacheza. Sauti yake walikuwa wameiondoa na kuweka filimbi. Niliambiwa hadithi ya watoto lazima iishe kwa furaha. Nilikasirika. Mdomo wangu wote ule, siku hiyo haukunifaa kitu.

Tuliionyesha kwanza kambi jirani, saa nne asubuhi, ndani ya kanisa la shitingi, yale maturubai ya plastiki ya msaada, madirisha yamezibwa kwa blanketi. Jenereta ilinguruma ikameza maneno yote, nami nikapewa kipaza sauti niwasimulie watu kinachotokea. Walicheka kwenye punje za mahindi. Bibi mla watu alipoanguka walipiga makofi. Kisha uso wa mtoto ukajaa kwenye shuka tuliyotundika ya kuonyeshea, na karatasi niliyopewa kusoma ilisema: "Wakaishi kwa furaha." Sijui nini kiliniingia. Nikataja jina lake, la baba, la mama, na kilima. Niliyataja mbio mbio, nikihofia kunyang'anywa kipaza sauti.

Mama mmoja akasimama nyuma.

"Rudia," akasema.

Nikarudia. Jenereta ikazimwa.

"Jina la mama, rudia."

Nikalirudia. Kanisa zima lilikuwa limemgeukia. Akakaza kitenge chake kiunoni.

"Siyo sisi," akasema. "Jina ni langu, kilima si chetu. Samahani, endeleeni." Akaketi.

Hapakuwa na cha kuendelea, filamu ilikuwa imeisha. Nikakunja shuka. Njia nzima kurudi, tulipopita mji mdogo wa Benaco na hata baada ya hapo, nilitafuta uongo wa kumwambia mtoto, sikuupata.

Alikuwa ananisubiri getini Lukole.

"Shikamoo, mwalimu." Salamu zetu alikuwa ameshazijua.

"Marahaba."

"Ya kwangu imesemwa?"

"Nimeisema mimi, kwa kipaza sauti, mbio mbio."

"Alisimama mtu?"

"Mmoja."

"Mama yangu?"

"Hapana. Jina lile lile, kilima kingine."

Nilingoja alie. Yeye alitazama begi lenye mkanda wa filamu, akafikiri.

"Basi inasikika," alisema. "Ukienda kambi nyingine, mwalimu, jina la mama usiliharakishe."