Saa za Hewani

Mtaani walimwita Mama Ndege, ingawa mwenyewe hajawahi kupanda hata moja. Alikuwa akikata tiketi katika kiofisi kilichobanana kati ya kinyozi na duka la viatu, na wateja walimpenda kwa ulimi wake mtamu. Mtu akiuliza safari ina urefu gani, alimtajia saa za hewani peke yake. Zile za kukaa kitako uwanjani kungoja ndege ya pili alizimeza. "Ukiwaambia zote wanaghairi," alimnong'oneza kinyozi, wakacheka wote wawili. Kwake huo haukuwa uongo, ilikuwa biashara.

Mama yake alipozidiwa, mdogo wake wa mwisho aliyekuwa akifanya kazi ng'ambo aliacha kila kitu, akapanda ndege alfajiri. Mama alikuwa amelala chumba cha nyuma, maumivu yamemkaba, lakini sindano ya muuguzi aliikataa katakata. Ilikuwa ikimlaza fofofo, naye alitaka kitinda mimba wake amkute macho.

"Kutoka huko mpaka hapa ni mbali kiasi gani?" aliuliza asubuhi ile.

"Si mbali, mama. Ni mwendo wa saa kumi na moja tu. Jioni yupo hapa."

Neno lilimtoka Mama Ndege kwa mazoea. Alikuwa jikoni anachemsha maji alipokumbuka kwamba kati ya ndege mbili kulikuwa na usiku mzima wa kungoja. Alirudi mbio kusema, akamkuta mama amechangamka, anaomba achanwe nywele. Roho ikamwambia asubiri kidogo. Akachukua kitana, akamchana.

Mama alivumilia kutwa nzima. Aliuma ncha ya shuka, jasho likimtiririka, na kila akipata pumzi aliuliza jua limefika wapi. Lilipozama, macho yake yakabaki mlangoni.

"Mama, nilikosea. Kuna kungoja uwanjani. Atafika kesho asubuhi."

"Maneno matamu hayo ni ya wateja wako, mwanangu. Usinibembeleze. Kama hakuja, hakuja."

"Haki ya Mungu, mama, yuko njiani!"

"Sawa, mwanangu. Mwite muuguzi. Nimechoka."

Alichomwa sindano, akageukia ukutani, akalala. Hakuamka tena.

Mdogo mtu alifika asubuhi, begi begani, akakuta watu wamejaa nje wameinamisha vichwa. Hakuhitaji kuambiwa. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamvuta dada yake pembeni.

"Dada, alijua nakuja?"

Mama Ndege alimtazama macho yale mekundu, yasiyolala siku mbili.

"Alijua," alisema.

Mdogo wake alishusha pumzi ndefu, akamwegemea begani. "Afadhali. Asante, dada. Ningeishije kama angeondoka akidhani nimemtupa?"

Mama Ndege alimpapasa mgongo, akaendelea kumpapasa.