Bi Noreen na Foleni ya Tashbihi

Shuleni kwetu Calderby hupati mchuzi hivihivi. Ukifika mbele ya foleni ya chakula cha mchana, pai iko kwenye sinia, viazi vya kuponda viko kwenye sinia, Bi Noreen Sutcliffe anainua upawa, anauacha hewani, halafu anakutazama juu ya miwani yake.

"Haya, kipenzi. Tashbihi."

Ukisema "baridi kama barafu", upawa unarudi sufuriani. "Hiyo imechoka. Kaipumzishe, uniletee nyingine." Lakini siku ya tisa ya mvua mfululizo mimi nilimwambia mvua ya Calderby ni kama shangazi aliyekuja kunywa chai akasahau kwake ni wapi. Nilipata mchuzi mara mbili, na njegere ambazo sikuziomba.

Wengi walidhani anatutania tu. Mimi nilijua si utani, kwa sababu tulikaa dawati moja.

Bi Noreen ana miaka hamsini na nne. Upawa wa shule yetu ameushika miaka ishirini na mmoja, na kabla ya hapo alifanya kazi kiwanda cha mazulia kule mtoni hadi kilipofungwa. Siku moja alikuwa anafuta meza, nikamuuliza kwa nini hakufanya mtihani wa Kiingereza alipokuwa rika langu. Mimi huuliza. Mama anasema nilizaliwa nikiuliza saa.

"Kipindi cha Kiingereza nilikuwa naosha vikombe vya walimu," akasema. "Mwalimu wetu aliona sitafika popote, basi angalau vikombe viwe safi. Miaka miwili, Tilda. Nilijua nani anakunywa chai na sukari ngapi. Sitiari sikuijua hata ingenikanyaga mguu."

Alicheka. Lakini ile meza aliifuta mara tatu.

Mwaka ule mwalimu mkuu alimwambia kuna nafasi ya msaidizi wa darasa, wa kukaa na watoto wageni wanaosoma kwa shida. Watoto hao tayari walikuwa wake. Walijibanza kwenye kaunta yake kila mapumziko na vitabu vyao, wakijifanya wamekuja kuuliza kuna keki gani. Kilichomkwamisha kilikuwa kimoja: cheti cha Kiingereza, daraja la nne au zaidi. Kwetu daraja la tisa ndilo la juu kabisa. Mtihani ulikuwa Juni, na nafasi ingemngoja hadi Septemba, basi.

Ndipo Mwalimu Pickersgill, wetu wa Kiingereza, akamruhusu aingie darasani kwetu kipindi cha mwisho. Siku ya kwanza alikuja na aproni imekunjwa kwapani, mikono inanuka sabuni, akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu.

"Bi Noreen, umetuletea keki?" aliuliza Kit Mawson kutoka nyuma.

"Nimekuletea kofi, Kit, ila nimelisahau jikoni."

Alijifunza haraka kuliko sisi, kwa sababu alifanya mazoezi na watu mia nne kila siku. Jumatatu foleni ililipa kwa tashbihi, Jumatano kwa tashihisi. Ijumaa, siku ya samaki na chipsi, ililipa kwa tanakali za sauti, na ukumbi mzima ukawa unavuma na kulia kama karakana. Kilichomshinda kilikuwa nukta. Aliandika ukurasa mzima bila kusimama, kishazi kikimkimbiza kishazi.

"Noreen, pumzika mahali," Mwalimu alimwambia.

"Nikipumzika mtu atanikatiza, Mwalimu. Kwetu tulikuwa saba mezani."

Mimi nilimwambia aweke nukta kila ambapo angeshusha upawa. Akawa anaandika huku mkono wa kushoto unapanda na kushuka, na Kit nyuma anamwigiza.

Mtihani wa majaribio ulikuja Februari. Tulipewa kifungu kuhusu mwanamke anayevuka daraja kwenye ukungu, tueleze lugha ya mwandishi. Bi Noreen alitoka uso unang'aa. "Nimezikamata zote, Tilda! Hakuna hata moja iliyonitoroka!"

Na kweli alizikamata zote. Mwandishi ametumia tashbihi. Mwandishi ametumia takriri. Mwandishi ametumia sitiari. Zilikuwa tisa, zimepangwa kama orodha ya chakula ukutani, na pembeni ya kila moja, kwa kalamu ya kijani, Mwalimu ameandika neno moja: *Halafu?* Halafu tisa. Chini yake, daraja la pili.

Bi Noreen aliikunja karatasi hadi ikawa ndogo kabisa, akaitia mfuko wa aproni. Kesho yake alitugawia mchuzi bila kuuliza chochote, na foleni ilitembea kimya kama ya msibani. Mimi nilikuwa wa kwanza kuogopa. Niliona ameshaacha.

Siku ya tatu Kit alishindwa kuvumilia. Alikuwa mbele yangu.

"Bi Noreen, mchuzi wa leo una nini?"

"Vitunguu."

"Halafu?"

Nyuma yetu watu walibana pumzi. Mimi nilimkanyaga Kit kwenye kisigino.

"Unanicheka, Kit Mawson?"

"Nauliza tu. Una vitunguu. Halafu?"

"Halafu nimevikaanga tangu saa tatu, polepole, viwe vitamu, kwa sababu nje kuna theluji chafu na nyie mmekuja na soksi zimelowa! Halafu nimetia maji ya viazi, mchuzi ushike pai, usikimbie kama ule wa makopo! Halafu pilipili manga kidogo, usiijue ipo mpaka umeze, ndipo kifua kipate joto na ukumbuke kuna mtu amekufikiria, mpumbavu wewe!"

Upawa ulikuwa hewani, mchuzi ukidondoka kwenye kitindamlo changu. Nilimwona akiwaza, maana midomo yake hucheza anapowaza.

"Lo," akasema taratibu. "Kwenye karatasi niliandika vitunguu tu."

"Basi," Kit akasema, masikio yamemwiva. "Ndicho nilichotaka kusema. Naweza kupata mchuzi?"

Alimjazia sinia hadi pai ikaelea.

Tangu siku hiyo tashbihi peke yake haikutosha. Ulisema yako, na foleni nzima ikakurudishia: "Halafu?" Ulipaswa kueleza inamfanyia nini anayeisikia. Chakula kilichelewa, walimu wakalalamika, halafu nao wakaanza kujibu.

Asubuhi ya mtihani, Juni, madawati yalipangwa ukumbi wa michezo kwa mistari iliyonyooka, kila moja na kadi ya namba. Bi Noreen alikaa safu moja mbele yangu, kalamu zake kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani kama wetu. Nilimtazama mara moja tu. Mkono wa kushoto ulipanda. Ukashuka. Ukapanda tena. Nikainamisha kichwa kwenye karatasi yangu, nikiwa na amani.

Mchana huo upawa alikuwa nao Mwalimu Pickersgill. Mchuzi wake ulikuwa na mabonge.

Matokeo hutoka Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti. Watu walifungua bahasha zao papo hapo ukumbini, wengine wakipiga kelele, wengine wakitoka nje. Bi Noreen alikuja na koti lake la harusini. Alichukua bahasha, akapita katikati yetu sote, akazunguka kaunta, akasimama upande wake, pale aliposimama miaka ishirini na mmoja. Aliifungua kwa kisu cha siagi.

Alisoma. Akasoma tena. Kit na mimi tuling'ang'ania kaunta.

"Tano," akasema.

Hakuongeza hata neno. Yule yule asiyejua kuweka nukta.

Kit, aliyepata saba, hakuwa ameipigia kelele saba yake. Hii tano aliipigia kelele mpaka mlinzi akaja. Mimi nililia, na sioni aibu kuandika hivyo. Mwalimu Pickersgill alitoweka, akarudi amebeba kikombe.

"Sikujua unaweka sukari ngapi," alimwambia. "Nimeweka mbili."

"Mbili ni sawa, Mwalimu."

Alikunywa amesimama. Alipomaliza, Mwalimu alikipokea kikombe, akaenda kukiosha mwenyewe.

Septemba mimi na Kit tuliendelea na masomo ya juu pale pale. Jikoni kulikuwa na mhudumu mpya, kijana mwenye haraka. Siku ya pili Bi Noreen aliingia na watoto wanne nyuma yake, kitambulisho kipya shingoni, akajipanga kwenye foleni na sinia kama mtu yeyote. Mhudumu aliinua upawa.

"Ngoja, kaka," nikamwambia. "Huyu hajalipa. Haya, Bi Noreen. Tashbihi."

Alitutazama juu ya miwani.

"Nimejaa kama sufuria ya Ijumaa."

"Halafu?" foleni nzima ikaitikia, na sauti za wale wanne zilikuwa za juu kuliko zetu.

"Halafu nina kipindi saa saba na dakika ishirini," akasema, akisogeza sinia. "Nipe mchuzi wangu."