Mpima Mikono wa Chumba cha Mwisho

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, katika chumba cha mwisho cha idara ya tiba ya viungo, mwanamke mwenye koti jeupe anatia nukta za wino kwenye mkono wa mgonjwa. Anaanzia kwenye kifundo, anapanda sentimita nne nne hadi karibu na bega. Kisha anazungusha futi ya kitambaa kwenye kila nukta, anasoma, anaandika.

"Usiukaze, mama. Uache ulale kama mkono wa mtoto aliyeshiba," anasema.

Akimaliza wa kushoto anahamia wa kulia, ambao hauna tatizo lolote. Mkono mmoja, anaeleza, hausemi kitu mpaka ulinganishwe na mwenzake.

Wagonjwa wanamwita Mama Futi. Ana miaka hamsini na tatu, na kazi yake ni kuwachunguza wanawake waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Tezi za kwapani zikiondolewa, majimaji yaliyokuwa yakipita humo hukosa njia, yakatuama mkononi. Uvimbe unaweza kuja baada ya mwezi, au baada ya miaka. Ukiwahiwa, mazoezi na bendeji huudhibiti. Ukiachwa, mkono huwa mzito na ngozi hukakamaa.

"Macho yanadanganya," anasema. "Mtu anakuja, ananiambia hana kitu. Namuuliza, pete yako iko wapi? Anasema aliivua, siku hizi inabana. Hapo nimeshajua."

Hupokea wagonjwa tisa hadi kumi na wawili kwa siku, peke yake, kwa mwaka wa kumi na moja sasa. Chumba hicho kilikuwa stoo ya magongo na hakina dirisha. Wenzake wako ukumbi mkubwa, upande wa pili wa jengo.

"Kule kuna watu, kuna mizaha. Huku kwangu hata saa ya ukutani naisikia ikitembea."

Nyumbani si tofauti. Mume wake alifariki miaka sita iliyopita. Binti yake wa pekee anafanya kazi nchi nyingine na hupiga simu kila Jumapili.

Miaka miwili iliyopita, akiwa anaoga, Mama Futi aligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto. Alifanyiwa upasuaji katika hospitali hiyohiyo, titi likaondolewa pamoja na tezi. Akamwambia binti yake kwamba ni kijipu tu, kimekatwa, kimekwisha. Baada ya miezi mitatu mama akarudi kazini.

"Ningekaa nyumbani nifanye nini? Kuta zilikuwa zinanitazama."

Akaanza kujipima mwenyewe. Mkono wa kulia ukishika futi, hakuna wa kushika ncha ya pili, kwa hiyo aliiuma kwa meno. Kila akirudia, alipata namba nyingine.

"Leo sentimita moja, kesho mbili na nusu. Nikawa nachagua ile ninayoipenda," anasema, akitazama chini.

Kwa nini hakumwomba mwenzake? "Kinyozi hajinyoi, sawa. Lakini na kuomba kunyolewa nako ni kazi. Nivue nguo mbele ya mtu ninayekunywa naye chai? Na wao hawakuuliza."

Alichagua namba nzuri kwa miezi minane. Kisha, Jumanne moja, aliingia mgonjwa ambaye ni fundi cherehani, amekuja kupimwa kwa mara ya tatu. Fundi hakuutazama mkono wake mwenyewe. Alitazama koti.

"Dada, mbona mkono wa kushoto umekubana na wa kulia unapwaya?"

"Koti limenywea kwa kufuliwa."

"Kufua hakuchagui mkono," fundi akamjibu.

Fundi aliinuka, akafunga mlango, akaichukua futi mezani. Kwa mara ya kwanza mpimaji alikaa kwenye kiti cha wagonjwa.

"Nimepima watu miaka ishirini," fundi anakumbuka. "Sijaona mtu akiling'ang'ania koti vile. Nikamwambia, dada, mimi napima tu, siibi kitu."

Juu ya kiwiko, tofauti ilikuwa sentimita tatu na nusu. Mama Futi alichukua kadi mpya ya wagonjwa, akaandika jina lake mwenyewe.

"Nililia," anasema. "Si kwa sababu ya namba. Tangu nitoke wodini, hakuna mtu aliyekuwa ameushika mkono huu."

Jioni hiyo alimpigia binti yake, ingawa haikuwa Jumapili, akamweleza yote. Binti akauliza, "Mama, ulikuwa unafungaje vifungo?" Ndipo wote wawili wakalia.

Sasa, chini ya koti, Mama Futi huvaa kitambaa cha kubana, kama soksi ndefu ya mkono. Miezi mitano imepita na tofauti imeshuka hadi sentimita mbili. Anajua haitaisha kabisa. "Mgonjwa wangu angechelewa hivi, ningemgombeza," anasema.

Ameandika barua mbili kuomba mpimaji wa pili. Amejibiwa kwamba nafasi hakuna. Kwa hiyo ameanza utaratibu wake: kila anayeruhusiwa kurudi nyumbani aje na dada, wifi au jirani, afundishwe kupima. "Hata mume, kama ana mkono mwepesi." Kati ya wanawake thelathini na wawili aliowaambia, kumi na tisa wamekuja na mtu. Wale kumi na watatu huwapigia simu mwenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili binti yake anakuja kwa wiki tatu. Mama Futi ameomba likizo, ya kwanza katika miaka minne ukiondoa ile ya ugonjwa.

"Sitaki anipikie, wala anipeleke popote," anasema. "Nataka akae tu na mimi nyumbani, tuongee mpaka tuchokane."